kgdb inakataa ttyUSB0: "No such device" wakati kifaa nakiona

Sakina_modyuli, Arusha

Wakuu, heshima yenu. Naandika draiva ya kadi ya PCIe, ni modyuli, haijajengwa ndani ya kerneli ya Linux. Kuna kipengele kimoja kwenye struct, `ring.head`, kinageuka sifuri bila msimbo wangu kukigusa. Nikiweka `printk` (kuchapisha ujumbe wa kerneli) tatizo linatoweka, nikiitoa linarudi. Kwa hiyo nataka kgdb, debaga ya kerneli inayoendeshwa kutoka mashine nyingine kupitia gdb.

Mashine inayochunguzwa ni desktopu ya mtumba, x86, `CONFIG_KGDB=y` na `CONFIG_KGDB_SERIAL_CONSOLE=y`. Ya kuchunguzia ni laptopu. Kila upande nimechomeka adapta ya USB kwenda siriali, na minicom inapeleka herufi huku na huku vizuri tu. Lakini nikiandika

`echo ttyUSB0 > /sys/module/kgdboc/parameters/kgdboc`

najibiwa `No such device`. Nakosea wapi?

Pasua_8250, Moshi

Mkuu, kifaa kipo ila hakifai kwa kazi hiyo. kgdb ikishika usukani, CPU zote nyingine zinasimamishwa (kwenye x86 zinapigwa NMI, intarapti isiyozuilika), intarapti zinafungwa, na hakuna tena wa kupangia michakato zamu. Debaga inabaki peke yake, inaichungulia UART (chipu ya poti ya siriali): herufi imefika? Bado? Draiva ya 8250, ya poti za siriali za kawaida, inaruhusu kuchunguliwa hivyo. Za USB haziruhusu, kwa sababu baiti zake zinapita kwenye tabaka zima la USB linalotegemea intarapti. kgdboc (sehemu inayoiunganisha kgdb na poti ya siriali) ikikuta tty isiyochungulika inakurudishia hiyo ENODEV, yaani `No such device`.

Adapta ibaki upande wa laptopu, huko haina neno. Desktopu itumie poti halisi. Angalia nyuma kama kuna tundu la pini 9, OptiPlex za rika la 790 na 7010 huwa nazo. Kama hakuna, tafuta kwenye ubao mama palipoandikwa COM: safu mbili za pini tano tano, moja imeachwa. Hapo unahitaji kikebo cha utepe, na uwe macho, kuna mipangilio miwili ya nyaya inayofanana kwa macho kabisa. Ukinunua usio wako hutapata hata herufi moja. Pima kwa mita kabla ya kufunga: pini ya 5 ya DB9 lazima iguse bodi ya kasha. Kati ya mashine na mashine, 2 iende 3, 3 iende 2, 5 kwa 5. Nyaya tatu zinatosha.

Zile adapta ndogo za TTL za 3.3V za watu wa Raspberry Pi usizilete hapa. RS-232 inapanda na kushuka hadi volti hasi, utaunguza chipu.

Mstari wa kuwashia kerneli:

`console=ttyS0,115200 kgdboc=ttyS0,115200 nokaslr`

Bila `nokaslr` kerneli inakaa anwani tofauti kila ikiwaka, gdb inang'ang'ania za kwenye `vmlinux` (faili la kerneli lenye majina ya fanksheni na anwani zake), na utaishia `Cannot access memory at address`. Secure Boot nayo izime, lockdown (ulinzi wa kerneli unaoendana nayo) inaibana kgdb. Kisha kwenye desktopu:

`sync; echo g > /proc/sysrq-trigger`

Hiyo `g` ndiyo inayoisimamisha kerneli na kuikabidhi kgdb. Na `sync` si pambo. Kerneli ikiwa imesimama hakuna kinachoandikwa diskini, na umeme ukikatika katikati, ambacho hakijaandikwa ndiyo basi. Kwenye laptopu: `gdb vmlinux`, `set serial baud 115200`, `target remote /dev/ttyUSB0`. Iwe `vmlinux` ya ujenzi uleule, siyo bzImage iliyobanwa.

Njiro_qemu, Arusha

Mbona mnajitesa na nyaya? Endesha kerneli ndani ya QEMU, mashine ya kuigiza, na `-s -S`, unaunganisha gdb kwenye `:1234`, kwisha.

Pasua_8250, Moshi

Kwa kujifunza kerneli sawa, hata mimi ningemwambia aanzie huko. Lakini ana kadi halisi na hitilafu inayokimbia akiweka `printk`. Hata akiipitisha kadi ndani ya QEMU kwa VFIO, mwendo wa saa hautakuwa uleule.

Sakina_modyuli, Arusha

Imeunganika kupitia ttyS0, shukrani mkuu. Mawili yamebaki. `break kadi_xmit` inasema `Function "kadi_xmit" not defined`. Na nikishaandika `continue`, Ctrl-C haisimamishi kitu.

Tengeru_dr7, Arusha

Ctrl-C haitafanya kazi, kgdboc haipokei kukatizwa kutoka gdb. Rudi kwenye desktopu upige tena `g`, au weka `agent-proxy` kwenye laptopu: inagawa poti moja kuwa mbili, konsoli na gdb, na yenyewe inatuma break ikifuatiwa na `g`. Weka `kernel.sysrq=1` ili break ya kwenye waya ikubaliwe.

Modyuli haimo ndani ya `vmlinux`. Soma `/sys/module/kadi/sections/.text` ukiwa root kabla ya kusimamisha, halafu `add-symbol-file kadi.ko 0x...` na hiyo anwani. Ukipakia modyuli upya anwani inabadilika. Kama una `CONFIG_GDB_SCRIPTS`, `lx-symbols` inakufanyia. Na kama `kadi_xmit` ni static fupi, GCC inaweza kuimeza ndani ya inayoiita. Iandikie `noinline` kwa muda.

Ila kwa tatizo lako brekpointi ya kawaida haisaidii, hujui nani anaandika; unataka CPU isimame pale `head` inapoandikwa. Tumia `watch -l dev->ring.head`. Bila `-l`, gdb inafuata jina `dev`, na ukitoka kwenye fanksheni inaifuta. x86 ina rejista nne tu za kulinda anwani hivyo, DR0 hadi DR3, kila moja inalinda baiti 1, 2, 4 au 8, anwani ikiwa imelingana na ukubwa huo. `rwatch`, ya kulinda kusoma, itakataliwa. CPU inasimama baada ya kuandika, kwa hiyo mhalifu ni maelekezo yaliyo juu ya `$pc`.

Sasa sikiliza hili: rejista hizo zinaona CPU peke yake. Kama `head` inageuka sifuri na `watch` imenyamaza, anayeandika ni kadi yenyewe kwa DMA, yaani moja kwa moja kwenye kumbukumbu bila kupitia CPU. Washa `intel_iommu=on iommu.strict=1` na `CONFIG_DMA_API_DEBUG`, tafuta mistari ya `DMAR` kwenye dmesg. Napo pana mwanya: IOMMU (kinachoamua kadi iguse kumbukumbu ipi) inalinda kwa kurasa za KiB 4. Kama bafa uliyoipa kadi imo kwenye ukurasa mmoja na struct yako, kadi ikizidisha baiti chache hakuna atakayelalamika. Bafa ipe ukurasa wake peke yake, halafu linganisha urefu ulioandika kwenye deskripta na ule uliopitisha kwa `dma_map_single`.

Sakina_modyuli, Arusha

`watch` imenyamaza na `head` imekuwa sifuri. Bafa na struct vimo kwenye `kmalloc` moja, kipande kimoja cha kumbukumbu. Naanza kuvitenganisha.