Sheria itambue ndoa ya wake wengi au iifute kabisa? Naomba mawazo

binti_Ilemela
Wakuu habari za jioni. Mimi na mchumba wangu tunataka kufunga ndoa ya bomani, juzi tumeenda kuulizia utaratibu tukaambiwa lazima tuseme kama ni ya mke mmoja au ya wake wengi. Mwenzangu akacheka akasema andika wengi tu, ya kesho nani anayajua. Nilimwangalia tu. Tangu hapo mjadala hauishi, yeye anasema Nyerere na wenzake waliweka hiyo kitu kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971 kwa sababu ndio maisha yetu, mimi nasema sheria ikishaandika hivyo mwanaume kashapewa ruhusa mkononi. Mbona majirani zetu Rwanda na Burundi serikali inatambua mke mmoja tu, na Kongo hivyo hivyo? Siongelei dini ya mtu, kila mtu na imani yake. Nauliza SERIKALI inaingiaje kwenye ndoa ya watu watatu wanne? Si itambue mmoja, wengine wajijue wenyewe?

mzee_wa_Makorora
Hapo kwenye "wajijue wenyewe" ndio umeteleza binti yangu. Hao wengine ni kina nani? Ni wanawake kama wewe na watoto wao. Watu walikuwa wanaoa wawili watatu kabla hakujawa na bunge wala karatasi, na huko unakosema wamekataza usidhani wanaume wamekuwa malaika, wanaishi nao tu bila cheti. Ukifuta mke wa pili kwenye sheria hujamfuta kwenye nyumba, umemfutia haki, siku mzee anafariki yeye anaitwa hawara msibani na hana pa kusimama. Sheria yetu kifungu cha 57 iko wazi kabisa, mtu akiwa na wake wawili au zaidi wote wana haki sawa na hadhi sawa, hakuna mkubwa na mdogo. Sasa ukiifuta atakayeshangilia ni mwanaume, maana nyumba ndogo haimdai kitu.

nyumba_kubwa
Shikamoo mzee, ila hiyo haki sawa iko kwenye makaratasi bana. Mimi ni huyo mke wa kwanza, acha niseme. Sheria hiyo hiyo inasema anayetaka kuoa atoe taarifa siku 21 kabla, na mimi kama mke ninaruhusiwa kuweka pingamizi kama kipato cha mume hakitoshi na ndoa mpya itatutesa mimi na wanangu, au kama huyo anayekuja ana tabia mbaya inayojulikana, au ataleta vurugu nyumbani. Tamu hiyo ukiisoma. Sasa niambie nitaweka pingamizi gani wakati habari nimezipata kwa muuza mboga, ndoa imeshafungwa huko kwao na mke mwenza ana mimba? Hakuna anayelazimika kuja kugonga mlango wangu aniambie mama fulani mumeo anaoa. Tena mume alikuwa anachelewa kulipa ada za shule mwaka mzima, hicho kipato cha kuongeza nyumba kilitoka wapi.

Sisemi ifutwe. Nasema kama serikali inataka kutambua basi itambue mpaka mwisho, mke aliyepo aitwe asikilizwe. Afrika Kusini kwa ndoa za kimila mwanaume anatakiwa aende mahakamani na mkataba wa maandishi unaosema mali zitakaaje kabla hajaoa tena, na 2013 Mahakama ya Katiba ikaamua kwenye kesi ya familia ya kabila la Watsonga kwamba ridhaa ya mke wa kwanza inahitajika. Kwanini sisi tushindwe?

OtisNax
Niko Nakuru, Kenya, hapa kwetu tulikuwa karibu kupata hiyo ridhaa. Mswada wa ndoa ulikuwa na kipengele cha mke wa kwanza kukubali, wabunge wanaume wakakitoa March 2014, wabunge wanawake wakatoka nje kwa hasira, Rais Uhuru Kenyatta akasaini hivyo hivyo mwezi uliofuata. Kwa hivyo ndoa ya kimila na ya Kiislamu inaruhusu wake wengi na hakuna wa kuulizwa.

Lakini kortini nimeona faida yake. Mzee wetu alikufa bila wosia, nyumba mbili, yaani wake wawili. Sheria ya urithi inagawa mali kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba na mjane anahesabiwa kama kichwa kimoja zaidi. Kwa mama mkubwa tuko watoto watatu, ukimhesabu na yeye wanne. Kwa mama mdogo wako sita, ukimhesabu na yeye saba. Piga hesabu, wao 7 kwa 11, sisi 4. Mama alilia sana juu ya lile shamba alilolima na mzee kabla huyo mwingine hajaja. Wakili akatwambia kuna sheria ya mali ya ndoa ya 2013, kile mzee alipata na mke wa kwanza kabla ya kuoa wa pili ni cha hao wawili nusu kwa nusu, kwa hivyo nusu ya mama ikatolewa kwanza ndio ya mzee ikagawanywa. Bila ndoa ya pili kutambuliwa wale watoto sita wangekuwa wanapigana na sisi na panga mpaka leo. Sikuipenda hiyo ndoa, lakini ni ndugu zangu.

Mtata255
Swali la uchokozi. Mbona mnaongelea wake tu, mwanamke akitaka waume wawili je

mzee_wa_Makorora
Wewe kalale.

dada_wa_Boston
Mzee usimfukuze, hilo swali limeulizwa na serikali kabisa. Afrika Kusini 2021 waliweka suala la mwanamke kuwa na waume zaidi ya mmoja kwenye waraka wa maoni kuhusu sheria ya ndoa, nchi nzima ikalipuka, wanaume wenye wake wanne ndio walilia kuliko wote eti mila zinaharibiwa. Na huku Massachusetts, Marekani, mji wa Somerville tangu 2020 unasajili watu zaidi ya wawili walio kwenye uhusiano, awe mwanamke au mwanaume. Sio ndoa, ni kama ushirika wa nyumbani, walianza kwa sababu ya corona watu walikuwa wanataka waingie kwenye bima ya mwenza na kumwona hospitali. Bongo kifungu cha 15 kinamkataza mwanamke aliyeolewa kuolewa tena, mwanaume wa wake wengi anaruhusiwa. Ndio hapo mimi nakwama na hii "kutambua", inatambua mlango mmoja tu.

binti_Ilemela
Nimewasoma wote asanteni, hasa dada nyumba_kubwa pole sana. Kidogo nimelegea kwenye lile la kufuta. Ila mimi yangu naandika mke mmoja. Sasa baadae anaweza kwenda kubadilisha kimyakimya?

karani_mstaafu
Hawezi. Kubadilisha kutoka mke mmoja kwenda wengi ni tamko la hiari la NYOTE WAWILI mbele ya jaji au hakimu, sio yeye na shemeji zako. Na akioa mwingine wakati yenu ni ya mke mmoja hiyo ya pili sio ndoa. Waliofunga kanisani na wote bado Wakristo ndio hawabadilishi kabisa hata wakikubaliana. Ukisaini soma mwenyewe kilichoandikwa, usimwachie yeye ajaze.