Ripoti za robo mwaka za vipima hewa: mzigo umehama ghala, humu watu wanapiga makofi

Wakuu,

Kila msimu wa ripoti ni yale yale. Kampuni ya vipima hewa vya ndani, vile vidude vya kutundika ukutani vya kusoma radoni (gesi ya mionzi inayotoka ardhini), kaboni dayoksaidi, vumbi laini na mvuke wa kemikali, inatoa hesabu za robo mwaka. Ukurasa wa kwanza una asilimia ya ukuaji kwa herufi nene. Kabla ya adhuhuri nyuzi tatu za "tumetoboa" zimeshafunguliwa, na katika wote wanaoshangilia hakuna aliyefika kwenye mizania, ule ukurasa wa mali na madeni.

Kampuni ninayoilalamikia siitaji jina, maana mchezo wenyewe unaruhusiwa na kanuni na yeyote anayeuza vifaa kupitia maduka anaweza kuucheza. Ninachotaka ni tuache kusomeana vichwa vya habari.

Tuanze na kalenda, hili ni dogo lakini linaudhi. Kuna mtu alilinganisha "robo ya kwanza" ya Airthings ya Oslo na "robo ya kwanza" ya SAF Tehnika ya Riga, wale wenye Aranet4, akatangaza mshindi. Mwaka wa hesabu wa SAF Tehnika unaanza Julai! Tena kazi yao ya siku zote ni redio za mawasiliano ya mikrowevu, vipima hewa ni sehemu tu. Na hii ni biashara ya msimu. Radoni hupanda majumbani wakati wa baridi, kwa sababu milango imefungwa na hewa ya moto inayopanda juu ndani ya nyumba inavuta gesi kutoka kwenye udongo chini ya sakafu. Marekani Januari ndiyo mwezi wa kampeni ya radoni. Kwa hiyo robo ya Julai hadi Septemba inalinganishwa na Julai hadi Septemba ya mwaka uliopita, basi. Na hata hapo angalia kama mwaka uliopita kulikuwa na dharura. Juni 2023 moshi wa misitu ya Kanada uliifunika New York. Yeyote anayeuza kifaa cha kusoma vumbi laini huko, robo yake ya pili ya 2024 ilikuwa inashindana na moshi ule.

Sasa kwenye kiini chenyewe.

IFRS 15, kanuni ya kimataifa ya hesabu kuhusu mapato, inasema mapato yanaingizwa pale mnunuzi anapopata udhibiti wa bidhaa. Mnunuzi kwenye hesabu hizi si familia ya Minnesota yenye hofu ya radoni kwenye chumba cha chini ya ardhi. Ni msambazaji, au duka kubwa la mtandaoni. Mzigo ukipakuliwa kwenye ghala lake tarehe 29 Septemba na umiliki ukahama, kampuni imeuza. Vikikaa humo kwenye maboksi mpaka Machi, mstari wa mapato haujui wala haujali. Kilichoingia dukani kinahesabiwa. Kilichotoka dukani, ambacho ndicho kinachoonyesha kama kuna mtu anakitaka kifaa, hakina mstari kwenye taarifa ya mapato na kampuni hailazimiki kukutajia.

Chukua mfano, namba ni za kupigia hesabu tu. Robo iliyopita mapato milioni 8, robo hii milioni 10. Ukuaji asilimia 25, makofi. Geuza ukurasa. Fedha zinazodaiwa kwa wateja zilikuwa milioni 4, sasa ni milioni 8. Maana yake katika ile milioni 10 "iliyouzwa", nyongeza ya milioni 4 bado iko mfukoni mwa maduka, na fedha iliyokusanywa robo nzima ni milioni 6 tu. Sasa siku za kulipwa: gawanya wadaiwa kwa mapato ya robo, zidisha kwa 90. Robo iliyopita ilikuwa siku 45. Sasa ni siku 72. Hapo kuna mtu ameambiwa "chukua mzigo sasa, utalipa baadaye".

Kuna maelezo mawili yasiyo na hila, nayasema kabla hamjanirukia. Moja, mzigo ulitoka mwezi wa mwisho wa robo kwa sababu ya maandalizi ya Novemba na Krismasi. Mbili, wateja wamewahi jambo fulani, kama 2025 ambapo waagizaji wengi wa Marekani walivuta mizigo mapema kukwepa ushuru uliotangazwa Aprili. Sawa. Lakini yote mawili yana kipimo: robo inayofuata wadaiwa washuke na mapato yasianguke. Mapato yakianguka na barua ya mkurugenzi ikasema "wateja wetu wanarekebisha viwango vya stoku", jua kwamba ukuaji ulioushangilia miezi mitatu nyuma ulikopwa kutoka robo hii. Sentensi hiyo huwa inakaa ukurasa wa nne au wa tano. Haiandikwi kwa herufi nene.

Halafu marejesho. Hapa ndipo kipima hewa kinapotofautiana na spika au taa janja, na ndipo wachambuzi wa kunakili na kubandika wanapopotea kabisa.

Radoni inapimwa kwa kuhesabu atomu zinazovunjika. Bekereli 100 kwa mita ya ujazo, kiwango cha rejea cha WHO, maana yake ni mivunjiko 100 kwa sekunde ndani ya mita nzima ya ujazo. Chemba ya kifaa yenye robo lita inapata mvunjiko mmoja wa radoni kila sekunde 40 hivi, na kihisi hakinasi yote. Ukihesabu vitu vichache namna hiyo, bahati nasibu ni kubwa: siku ya kwanza kifaa kimoja kinasoma 80, cha pili kilicho pembeni yake 130, na vyote ni vizima. Vinahitaji siku kadhaa hadi wiki ili wastani utulie. Mteja hajui. Ana siku 30 za kurudisha bila maswali, anaona namba zinaruka, anarudisha. Kihisi cha kaboni dayoksaidi nacho kina tabia yake. Vingi hujirekebisha kwa kudhani kwamba kiwango cha chini kabisa cha siku kadhaa zilizopita ndicho hewa ya nje, takriban sehemu 400 kwa milioni. Kiweke kwenye chumba kisichofunguliwa dirisha kamwe, baada ya muda kitaanza kusoma chini kuliko hali halisi. Kile cha mvuke wa kemikali kinawaka nyekundu kwa kitakasa mikono. Hao wote ni watu wa kurudisha vifaa na kuandika nyota moja.

Kanuni inaitaka kampuni ikadirie marejesho hayo siku ile ile ya kuuza, iyatoe kwenye mapato na iweke deni la kurejesha fedha. Neno ni "ikadirie". Ikikadiria asilimia 4 badala ya 8 kwenye mapato ya milioni 10, laki nne zimeingia kwenye mapato ya robo hii bila kuuza hata boksi moja, na ukweli utakuja robo ijayo baada ya sikukuu. Ndiyo maana robo ya Januari hadi Machi ina mambo ya ajabu kwenye kampuni hizi. Tena hesabu za robo mara nyingi hazijakaguliwa. Mkaguzi anakuja mwisho wa mwaka.

Mapato ya usajili, yaani ada ya kila mwezi au mwaka ya kutumia huduma ya vifaa, ile ARR mnayoiimba. Ni mapato ya mwezi wa mwisho zidisha kwa 12, au thamani ya mikataba kwa mwaka, inategemea kampuni imeamua kuitafsiri vipi. Haiko kwenye IFRS. Zipo zinazohesabu mkataba uliosainiwa hata kama vifaa havijafungwa ukutani. Kipimo chake ni cha darasa la saba: ARR ya milioni 3 inatakiwa ikupe mapato ya usajili ya karibu laki saba na nusu kwa robo. Ukikuta laki tano kwenye maelezo ya hesabu, uliza laki mbili na nusu ziko wapi. Na uliza mikataba inaisha lini. Shule nyingi za Marekani zilipata fedha za dharura za korona, fungu la tatu peke yake lilikuwa kama dola bilioni 122, na uingizaji hewa ulikuwa miongoni mwa matumizi yaliyoruhusiwa. Mwisho wa kuziingiza kwenye mikataba ulikuwa 30 Septemba 2024. Mkataba wa miaka mitatu uliofungwa kwa fedha hizo unarudi mezani bila mfadhili. Mnasema usajili "unanata". Unanata kwa nani?

Na EBITDA iliyorekebishwa, yaani faida kabla ya riba, kodi na uchakavu, ikiwa imeondolewa gharama ambazo kampuni imeamua zisihesabiwe, sitaki hata kuigusa sana. Wahandisi wa milioni 2 kwa robo, nusu yao wanahamishiwa kwenye mizania kama rasilimali isiyoshikika, jambo ambalo kanuni ya hesabu IAS 38 inaliruhusu kwa masharti. Hasara ya laki nane inageuka faida ya laki mbili, na mishahara imelipwa yote taslimu vile vile. Ongeza "gharama za mara moja" za kupunguza wafanyakazi zinazojitokeza robo nne mfululizo. Mara moja gani hiyo?

Nangoja matusi.

Jibu la 3

Mkuu, umegusa wadaiwa ukaacha stoku, na kwa vifaa hivi stoku ndiyo inayoua. Mwaka 2021 na 2022 chipu ziliadimika dunia nzima. Watengenezaji wadogo hawakuwa na nguvu kwa viwanda, wakanunua vidhibiti na redio za bluetooth kwa madalali kwa bei mara kadhaa ya kawaida, tena kwa wingi kwa kuogopa kukosa. Chipu ile ghali haikuonekana kwenye gharama siku iliponunuliwa. Ililala kwenye stoku, ikaja kupiga faida ghafi robo nyingi baadaye kifaa kilipouzwa. Ndiyo maana unakuta soko la chipu limeshatulia na faida ghafi bado inashuka, watu wanashangaa.

Kilichorudishwa nacho hakirudi rafu kama kipya. Kinafunguliwa, betri zinabadilishwa, kihisi kinapimwa upya, chenye feni na leza kinasafishwa vumbi, boksi jipya. Kwenye kifaa cha bei ya chini kazi hiyo inakula faida yote, wanaona bora wakitupe. IAS 2, kanuni ya hesabu za stoku, inawataka washushe thamani ya stoku pale bei inayoweza kuuzwa ikifika chini ya gharama, ila wakati wa kushusha ni uamuzi wa menejimenti. Toleo jipya la kifaa likitangazwa na thamani ya stoku ya toleo la zamani haijaguswa, kaa chonjo.

Jibu la 4

Mleta uzi umeongea kwa hasira lakini ripoti ina kurasa 30 na sisi wengine tuna kazi. Mtu aanzie wapi?

Mleta uzi

Namba 3, asante, hilo la chipu wengi hawalijui.

Namba 4, anzia nyuma. Taarifa ya mtiririko wa fedha kwanza, mstari wa fedha kutoka kwenye shughuli za uendeshaji. Toa fedha zilizotumika kubuni bidhaa mpya, hiyo iko chini kidogo kwenye uwekezaji. Jibu likiwa hasi, gawa salio la benki kwa hilo jibu, utapata robo zilizobaki kabla hawajaja kukuomba. Milioni 6 benki na milioni 2 zinazoteketea kila robo ni robo tatu, na hawatasubiri ya tatu iishe. Watauza hisa mpya kwa punguzo. Zikiwa milioni 100 na wakaongeza milioni 50 nawe hujanunua, asilimia 1 yako imekuwa 0.67.

Kisha mizania: wadaiwa na stoku, zilinganishe na robo ile ile ya mwaka jana. Stoku igawanye kwa gharama ya bidhaa zilizouzwa robo hiyo, zidisha kwa 90. Siku 180 ni nusu mwaka wa maboksi ghalani kwao, mbali na yaliyoko ghalani kwa maduka. Kisha angalia sarafu, kwa sababu anayeandika hesabu zake kwa kroni na kuuza kwa dola anaweza "kukua" bila kuuza boksi la ziada, dola ikipanda. Ukuaji kwa sarafu isiyobadilika ukiwa umetajwa, tumia huo.

Maelezo ya mkurugenzi soma mwisho. Na siku ya kuwasilisha ripoti, kampuni nyingi hupokea maswali kwa maandishi, hata ya mwenye hisa moja. Uliza swali moja: vifaa vingapi vipya vimewashwa na kuunganishwa kwenye programu ya simu robo hii? Namba hiyo kwa kawaida wanayo, kwa sababu kifaa kinachounganishwa kwenye mtandao hujisajili kwenye seva yao. Ilinganishe na idadi waliyosafirisha. Wakikujibu kwa asilimia ya wateja walioridhika, rudi kwenye stoku.