Asumini au langilangi juu ya sandali?

Mwana wa Kibokoni: Assalaam aleikum wapenzi wa marashi. Namtengenezea dada yangu mafuta ya kujipaka ya harusi. Chini, yaani harufu ya kubaki mwisho, nimeweka sandali na tone la udi, hapo sibadilishi. Limebaki ua la katikati. Asumini yanivuta sana, maana harusi ya kwetu bila kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, haijanukia. Langilangi nayo ni tamu, yakaa mwilini, na bei yake nafuu. Nyinyi mwachagua lipi?

Bi Chetezo: Asumini, mwanangu. Ila angalia unachouziwa. Ua hili halistahimili mvuke, hivyo harufu yake hutolewa kwa viyeyusho au kwa kulazwa kwenye mafuta, na yahitaji maua mengi mno. Kichupa cha bei rahisi hakina ua ndani. Mie hufanya mwenyewe: nachuma jioni matumba yakikaribia kufunguka, nayafuta umande, nayalaza kwenye mafuta ya simsim, nafunika. Asubuhi natoa maua kabla hayajachacha, jioni natia mapya. Narudia mpaka mafuta yashike. Mafuta ya nazi ya kupika nyumbani usitumie, yananuka yenyewe.

Jamaa wa Tudor: Mimi langilangi, ile ya Komoro. Uliza daraja kabla ya kulipa. Mafuta yanayotangulia kutoka mtamboni ndiyo yenye ua lenyewe, jepesi na tamu. Ya mwisho ni mazito. Lakini kwa joto letu la Machi usizidishe, wageni wataumwa na kichwa. Na hiyo sandali, jua ilikotoka: msandali wa Afrika Mashariki unakatwa ovyo, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa mataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini.

Ummu Z: Waridi je? Kwangu ni la mrashi tu, kuwanyunyizia wageni mlangoni. Mwilini lapotea upesi.

Jamaa wa Tudor: Kweli. Na usihamie spiriti badala ya mafuta, kaka. Hupeperuka haraka kwenye joto, mafuta hutulia na ngozi. Nguo zifukizwe udi, mafuta yataacha madoa.

Mwana wa Kibokoni: Basi asumini iongoze, langilangi tone moja moja nikinusa. Bi, simsim gani sasa? Nyingine nimenusa sokoni Marikiti, kali kweli.

Bi Chetezo: Hiyo imekaangwa, italiua ua. Mwambie muuzaji wataka isiyokaangwa, rangi yake hafifu. Na anza mapema, mwanangu, mvua ikishika maua hayana harufu.