Kugawa bastola zangu ndogo nikiwa mgonjwa: ni kukosa imani?

BabaEliya (Houston, Texas)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunijibu.

Nina saratani ya uboho, ile inayoitwa mayeloma. Iligundulika baada ya pingili moja ya mgongo kuvunjika nikiinua kitu kisicho na uzito wowote wa maana. Nachomwa bortezomib chini ya ngozi ya tumbo, nameza lenalidomide na dexamethasone, na baadaye nitapandikizwa seli shina zangu mwenyewe. Daktari wangu hakuzunguka: alisema mpaka leo ugonjwa huu huwa unatulizwa, wakati mwingine kwa miaka mingi, lakini si wa kuhesabu kwamba umekwisha. Alisema pia kwamba sisi weusi unatupata karibu mara mbili zaidi ya wazungu. Nilimshukuru kwa kunieleza ukweli.

Sasa jambo lenyewe. Marehemu baba yangu alikuwa fundi saa Moshi mjini. Nimekua nikimshikia kibano na sahani ya skrubu, na ndiyo maana nilipokuja Marekani nikawa fundi wa mashine za kukereza vyuma. Na ndiyo maana pia, wenzangu hapa walipopenda bunduki kubwa kubwa, mimi nilipenda bastola ndogo kabisa, zile za mfuko wa kizibao. Ninayo Baby Browning ya Herstal, Ubelgiji, ya milimita 6.35. Urefu wake ni kama sentimita 10, na uzito haufiki gramu 300. Ninayo Colt ya 1908, aliyoibuni John Moses Browning mwenyewe, yule aliyefariki mwaka 1926 akiwa kiwandani palepale Herstal. Ninayo Beretta 950, ninayo Seecamp, ninayo Kel-Tec P-32. Sijawahi kumtishia mtu nazo, wala sizibebi kiunoni. Nazifungua juu ya kitambaa cheupe, nazisafisha, nazifunga. Ile Baby haina vipande vingi, na kila kimoja kina kazi yake, hakuna cha urembo. Dieudonné Saive, aliyeiunda upya kutoka kwenye ile ya Browning, alijua aondoe nini. Nikiiangalia namshukuru Mungu aliyewapa watu vidole na akili.

Vidole vyangu sasa vina ganzi. Ni ile dawa ya sindano. Seecamp siwezi tena kuikoki, yaani kuvuta nyuma kile chuma cha juu kinachoteleza ili risasi iingie. Baby naikoki kwa shida na mgongo unanikumbusha. Mke wangu ameniomba tuzitoe nyumbani kwa muda, na nimekubali kulifikiria, na kwa kweli nilikuwa nimeanza kuandika karatasi: hii apewe fulani, hii iuzwe, pesa ziende wapi.

Karatasi ile ikaonwa na ndugu mmoja wa kikundi chetu cha maombi. Alisema mambo mawili. Kwanza, kwamba ugonjwa umeingia kwa mlango wa hivyo vyuma, nizitupe kama Gideoni alivyobomoa madhabahu ya Baali. Hilo sikulikubali hata kwa dakika moja. Nasoma Biblia yangu, na nimeona watakatifu wasio na hata kisu wakifa kwa saratani hiyohiyo. La pili ndilo linalonikosesha usingizi. Alisema kugawa vitu vyangu nikiwa hai ni kukiri mauti, kwamba nikiamini uponyaji nisingegusa wosia. Wengine wakaitikia amina.

Nauliza basi. Nifanyeje na mikono hii nisiache kabisa kazi niipendayo? Nizipeleke kwa nani, kwa utaratibu gani? Na je, mtu anaweza kuomba uponyaji asubuhi na jioni akaandika wosia, akawa ameomba kweli?

Kamau wa Arlington

Pole sana mzee wangu. Mambo ya wosia na imani nawaachia wakubwa, mimi nitaongea chuma.

Shida yako ya kukoki ina sababu. Bastola ndogo nyingi za zamani hazina kufuli kati ya mtutu na sehemu ya juu inayoteleza. Kinachozuia risasi isifungue mapema ni uzito wa chuma hicho pamoja na nguvu ya springi. Chuma kikiwa kidogo, springi lazima iwe ngumu. P-32 yako ni ndogo pia lakini mtutu wake hujifunga, ndiyo maana springi yake ni laini. Anza na hiyo siku ambazo vidole vimegoma. Usiivute kwa vidole viwili. Ifunike kwa kiganja chote, halafu sukuma mkono ulioshika mpini kwenda mbele. Mgongo wako hautafanya kazi kubwa. Ukiona bado, acha, siku nyingine ipo.

Beretta 950 ni zawadi kwako. Unabonyeza wenzo mdogo wa pembeni, mtutu unainuka wenyewe, unaweka risasi moja kwa mkono, unaushusha. Hakuna kukoki. Lakini nisikilize vizuri hapa, kwa sababu ganzi na hili haviendi pamoja: 950 haina ndoano ya kuchomoa ganda. Inategemea gesi ya mlipuko kulitupa. Kwa hiyo ukitoa magazini na kuvuta nyuma kama ulivyozoea kwenye nyingine, risasi iliyo ndani ya mtutu INABAKI. Inua mtutu kila mara, tazama kwa macho, tia kidole. Na kama kidole hakihisi, macho mara mbili, ama mama aje atazame pia.

Kuhusu kuhamisha: mtu wa Texas kumpa mtu mwingine mkazi wa Texas, sheria ya jimbo haiwalazimishi kupitia dukani, mradi huna sababu ya kuamini kwamba amekatazwa kisheria kumiliki. Mimi bado hupitia muuzaji mwenye leseni, naandikisha, nalala. Ukimpa mtu wa jimbo lingine ukiwa hai, lazima ipite kwa muuzaji mwenye leseni upande wake. Ikiwa ni kwa wosia, sheria ya serikali kuu inaruhusu mrithi wa jimbo lingine kuipokea bila njia hiyo, ilimradi sheria za kwao zinamruhusu. Kwa hiyo karatasi yako si karatasi ya bure, mzee. Iandike na wakili.

Na usiuze hiyo Baby kwa bei ya haraka. Tangu sheria ya silaha ya Marekani ya 1968, mpya hazikuweza tena kuletwa kutoka Ubelgiji kwa sababu ya udogo wake. Watu wanaijua thamani yake, na wengine watakuja na sura ya huruma.

Mama Furaha (Louisville, Kentucky)

Baba Eliya, pole, Mungu akutie nguvu. Mimi ni wa Bukavu, hapa ni muuguzi, wagonjwa wa mayeloma nawaona kila juma. Nitasema kama dada.

Ile ganzi mwambie munganga wako wazi, leo, si ukienda kwa tarehe yako. Wagonjwa wengi wananyamaza wakiogopa kwamba dawa itaondolewa. Kipimo kinaweza kupunguzwa, ama sindano ziachane siku nyingi zaidi. Ukingoja sana, ganzi nyingine hairudi nyuma.

Ukumbi wa kulengea shabaha wa ndani, acha kwanza, na zaidi wakati wa kupandikizwa na miezi inayofuata. Kinga yako itakuwa chini, na mule ndani kuna vumbi la madini ya risasi na watu wanakohoa. Kusafisha pia: vaa glavu, fungua dirisha, osha mikono kwa sabuni mbele ya kushika chakula.

Wakikuambia kuhusu bangi ya hospitali kwa kichefuchefu, uliza mwanasheria kwanza. Kwenye ile fomu 4473 ya kununua silaha wanauliza juu ya bangi, na fomu yenyewe inaonya kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi sheria ya serikali kuu. Kuna dawa zingine za kichefuchefu, nzuri sana.

Sasa jambo la mke wako. Nadhani ameona kitu. Dexa, ile dexamethasone yako, inaondoa usingizi, inapandisha mtu juu, halafu siku inapoisha mwilini inamwangusha. Nimeona wanaume wapole, wazee wa kanisa, wakibadilika siku mbili kwa juma, na kisha wanaomba msamaha kwa watoto. Nakuuliza bila kuzunguka, na usinikasirikie: kuna usiku umewaza kujiua? Kama ipo, si dhambi ya kuficha, ni jambo la kusema kama vile unasema homa. Hapa Marekani unapiga 988 saa yoyote, na munganga wako lazima ajue. Na kama haipo, bado zitoe nyumbani. Dawa haikuulizi wewe ni mtu wa imani namna gani.

Mwinjilisti_Iringa

Baba Eliya, salaam katika Kristo.

Niseme kwanza kwamba mimi sipendi silaha, hata ndogo, na nisingekuwa nazo nyumbani kwangu. Hilo tutabishana siku utakapokuja likizo. Lakini kusema zimekuletea saratani ni kumsingizia Mungu. Wanafunzi walipomwona kipofu waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu akajibu, “Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake.” Yohana 9, mstari wa 3. Na Gideoni alibomoa mahali ambapo watu walikuwa wanaabudu. Wewe husujudii chuma, unakipaka mafuta.

La pili ni zito zaidi na nimeliona hapa Iringa likiumiza familia. Baba anaumwa, wachungaji wanamwambia atamke uzima tu, hasemi shamba ni la nani, deni liko wapi, kadi ya benki iko wapi. Anafariki. Mjane anafukuzwa na mashemeji kwa sababu hakuna hata karatasi moja. Nimezika watu wa namna hiyo, na sikuona kwamba kunyamaza kwao kuliongeza imani ya mtu yeyote.

Fungua 2 Wafalme 20. Nabii Isaya anamwambia Hezekia, “Tengeneza mambo ya nyumba yako, maana utakufa, wala hutapona.” Hezekia anageuza uso ukutani, anaomba, analia sana, na anaongezewa miaka 15. Agizo la kupanga nyumba lilitoka kwa BWANA mwenyewe, na halikumzuia Hezekia kuomba wala Mungu kusikia. Tena tazama mstari wa 7: Isaya anaagiza mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu. Maombi, dawa na mpango wa nyumba, yote kwenye sura moja. Huyo ndugu yako wa maombi msomee sura nzima, polepole, bila kumgombeza. Nahisi anaogopa kukupoteza kuliko anavyoamini hayo anayoyasema.

Na Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke. Jibu alilopewa lilikuwa, “Neema yangu yakutosha.” Hakuna mahali alipoambiwa hakuomba vizuri.

BabaEliya (Houston, Texas)

Nimesoma kila neno, na mke wangu amesoma pia, tumekaa mezani pamoja.

Mama Furaha, sikukasirika. Swali lako nilimjibu yeye kwanza. Kujiua sijawaza. Nimewaza, usiku wa dexa, kwamba nikiondoka watu watapumzika na gharama. Mke wangu alisema hayo mawazo mawili ni mtu na ndugu yake, na akalia. Daktari tumemwambia yote, ganzi na hilo. Sindano zitaachanishwa, na nitaonana na mtu wa kuzungumza naye.

Kwa hiyo zinaondoka. Rafiki yangu wa karakana, Mmarekani, mzee wa kanisa la Kibaptisti, ana sefu kubwa na amekubali kuzitunza. Tutapitia dukani kama Kamau alivyosema. Nimemwomba jambo moja: Baby ibaki kwangu bila risasi yoyote ndani ya nyumba, na pini yake ya kupiga akae nayo yeye kwake. Nitaweza kuifungua na kuisafisha mezani, lakini haitaweza kufyatua kitu. Mke wangu ameikagua hiyo hoja kutoka kila upande na amekubali. Ile 950 naenda nayo kwake tukikutana Jumamosi, anishikie mgongo nilenge kidogo nje shambani kwake, hewa ikiwa safi. Kuinua mtutu nimejaribu na ganzi hii hii, nimeweza.

Mwinjilisti, sura ile nilimsomea ndugu yangu mwenyewe, kwangu, tukiwa wawili. Hakujibu. Aliomba kwa muda mrefu, na katika maombi hakutaja vyuma wala mauti, alitaja jina langu. Ubishi wako wa silaha nausubiri.

Colt nampa binti wa dada yangu, yuko Minnesota, yeye peke yake katika ukoo ana mikono ya babu yake. Eliya hazitaki na simlazimishi. Kamau, Colt nimwandikie kwenye wosia au nimpe sasa nikiwa hai? Ningependa nimwone akiifungua.

Kamau wa Arlington

Mpe sasa, mzee. Duka la kwako lipeleke kwa duka la kwake Minnesota. Kabla hajaenda, mwambie aulizie kibali cha kununulia bastola, Minnesota wana utaratibu huo kwa wengi. Andika namba za kila bastola kwenye karatasi mbili, moja kwa wakili na moja kwa mama, na upige picha pande zote. Halafu mwite binti aje Houston kwanza umfundishe kwenye meza yako, kabla ya kupandikizwa. Akiipokea kule awe anajua kila kipande kinaenda wapi.