Tupeane uzoefu: wewe uliyewahi kuishi au kufanya kazi karibu na mashine za vita zinazoongozwa kwa mbali

Mwanzisha mada, Tanga

Habari za wakati huu, wakuu.

Mwaka wa pili huu naandika riwaya ya kijeshi. Inatokea miaka kumi na mitano ijayo, katika nchi niliyoibuni kando ya ziwa. Wanaopigana ni askari wa chuma wenye miguu minne, na waongozaji wao wamekaa ndani ya kontena lenye kiyoyozi, mamia ya kilomita kutoka hapo. Sura saba zimekamilika. Ya nane, ambapo askari hao wanaingia kijijini alfajiri, nimeiandika mara nne na kila mara imenifia mikononi.

Mpwa wangu aliisoma akaniambia, "Mjomba, roboti zako hazikwami hata mara moja. Mimi simu tu inakosa mtandao nikipita nyuma ya shule." Maneno yale yalinichoma kwa kuwa ni kweli. Nikaenda kusoma. Nikakuta Urusi ilipeleka Syria kifaru kisicho na mtu ndani, Uran-9, mwaka 2018 habari zake zikatoka: kikiingia katikati ya majengo kinapoteza mawasiliano na mwongozaji wake.

Sitaki siri za jeshi la nchi yoyote. Naomba yale yasiyoandikwa kwenye magazeti: mlio, mikono ya aliyeshika rimoti, na hali ya walio chini. Karibuni.

Mchangiaji, Nakuru

Mkuu, mimi ni mstaafu. Nilikuwa kikosi cha mabomu, Somalia, upande wa Kismayu. Roboti yetu ilitembea kwa minyororo kama buldoza ndogo, ina mkono mmoja na kamera mbili. Vijana wakampa jina, Punda.

Watu hudhani kamera inaona kama jicho. Haikuonyeshi umbali. Kwenye skrini, jiwe la mbele na waya wa nyuma ni kama vimebandikwa kwenye ukuta mmoja. Nimewahi kuhangaika dakika kumi kushika waya ambao kumbe ulikuwa shibiri nzima mbele ya vidole vya Punda. Baadaye nikajifunza kuangalia kivuli. Kivuli cha mkono kikikutana na mkono wenyewe, hapo umegusa chini. Saa sita mchana kivuli hakuna, basi unasubiri.

Siku moja akakwama. Mchanga uliingia kwenye minyororo, mita sitini hivi kutoka kwetu, na mzigo, yaani bomu, uko hatua tatu mbele yake. Punda akikwama, mtu avae suti ya kujikinga na mlipuko aende. Suti ile inakaribia kilo 40, na jua la kule mwenyewe unaweza kulipima. Akaenda sajenti wetu. Mimi nilibaki na rimoti mkononi, namtazama kupitia kamera ya Punda, na kamera ilikuwa imeinama, kwa hiyo nilichokiona ni viatu tu vikija. Vikafika. Vikasimama. Vikakaa vimesimama.

Alirudi mzima. Lakini ukiandika sura yako, andika vile viatu.

Mchangiaji, Goma

Bwana mwandishi, salamu kutoka Goma. Huku tulianza kuzizoea Desemba 2013, Umoja wa Mataifa ulipoanza kurusha ndege zisizo na rubani kutoka uwanja wetu. Hazikuwa na silaha, zilikuwa za kuangalia tu. Mume wangu alisema zinatulinda. Mama mkwe alikuwa anaingiza sahani ndani kila akisikia mlio, anasema si vizuri mtu akuone ukila na wewe humwoni.

Wote wawili walikuwa na haki. Mei 2014 boti ilizama Ziwa Kivu, moja ya ndege hizo ikaiona, wakatuma boti za kasi, na watu zaidi ya kumi wakaopolewa wakiwa hai. Siwezi kulisahau hilo.

Lakini miaka hii zimekuja zenye mabomu. Mjukuu wangu ana miaka mitano. Akiwa anacheza uani anasimama ghafla, anainua kidole, anasikiliza, halafu anasema "hii inapita" na anarudi kwenye mchezo. Hakuna aliyemfundisha. Kijijini mwako wako watoto wa namna hiyo? Kama hawapo, baba, hujaandika kijiji.

Mwanzisha mada

Mama, hawapo. Asante. Nimeandika kwenye karatasi "hii inapita" na nimeibandika ukutani.

Mchangiaji, Marekani

Kaka, nilihamia huku nikiwa na miaka kumi na miwili, baadaye nikajiunga na jeshi la anga, nikapangiwa kambi ya Creech, jimbo la Nevada, ambako ndege zisizo na rubani huongozwa kutoka mbali. Ya kazini siruhusiwi kuyasema, kwa hiyo nitasema yale ambayo kila mtu anaweza kuyapata.

Wanaoiongoza ndege ni wawili, rubani na mwendesha kamera. Picha inasafiri kwa setilaiti na nyaya, kwa hiyo unachokiona kimeshapita, sekunde moja hivi, pengine zaidi. Ndiyo maana wakati wangu kuruka na kutua kuliachiwa timu nyingine iliyo pale pale uwanjani. Kwa kuchelewa kule ungeibamiza ndege chini. Sasa fikiria sekunde hiyo kwa mtu. Umemwona amesimama mlangoni. Saa unapomwona ameshaingia, au ameshatoka, au nyuma yake kuna mtu mwingine ambaye bado hajakufikia wewe. Riwaya yako nzima inaweza kukaa hapo.

Na kuna kurudi nyumbani. Zamu ikiisha naendesha gari karibu saa moja hadi Las Vegas, mke wangu ameagiza maziwa. Kuna siku nilisimama mbele ya friji la dukani mpaka mhudumu akaja kuniuliza kama naumwa. Askari wa zamani walikuwa na safari ndefu ya kurudi, wanakaa pamoja, wanazungumza, wanalia huko huko melini. Mimi nilikuwa na ile saa moja ya jangwa, peke yangu, na redio.

Mchangiaji, Eldoret

Naandika kwa niaba ya binamu yangu, kwa ruhusa yake. Aliahidiwa kazi ya udereva Urusi, akajikuta amevaa sare. Si yeye peke yake. Serikali yetu ilitamka mwishoni mwa 2025 kwamba Wakenya zaidi ya 200 wameingizwa katika vita vile vya Ukraine. Amerudi, mguu mmoja haukunji.

Anasema usiwaze roboti kubwa za kutembea kama watu. Kinachotisha ni kindege kidogo kisicho na rubani, kinaingia begini, kinalia kama nyuki waliochokozwa. Kwanza zilikuwa za mawimbi ya redio, na mawimbi yanaweza kuvurugwa. Sasa nyingine zinavuta nyuma yao uzi mwembamba wa kioo wa kilomita nyingi, na uzi hauvurugwi. Asubuhi, umande ukishuka, alikuwa anaona nyuzi hizo zimetanda juu ya majani, shamba zima linameta kama utando wa buibui. Anasema palikuwa pazuri kutazama, na ndicho kinachomsumbua, kwamba aliwahi kuona uzuri pale.

Za ardhini zipo pia, zinabeba maji na risasi, zinavuta majeruhi. Desemba 2024, karibu na kijiji cha Lyptsi mkoani Kharkiv, Waukraine walitangaza kwamba wameshambulia kwa mashine tupu, za chini na za angani, bila askari wa miguu. Kwa hiyo miaka yako kumi na mitano ipunguze, mkuu.

Hapa nyumbani bodaboda ikipandisha gia barabarani, binamu anakuwa chini kabla hujageuza shingo. Mamake huketi chini karibu naye, haulizi kitu, wanakaa tu mpaka atake kuinuka.

Mwanzisha mada

Pole sana kwake na kwa mama. Uzi huo umenikumbusha kitu. Tangu 1942 Wajerumani walikuwa na kifaru kidogo cha kulipuka, Goliath, urefu wake mita moja na nusu hivi, kikivuta waya nyuma. Katika uasi wa Warsaw mwaka 1944 wapiganaji wa Poland walitambaa kwenda kuukata waya ule. Nilikuwa nimeweka chuma chote mbele ya kurasa zangu na sikuandika hata mstari mmoja kuhusu kinachokiunganisha na mtu wake.

Mchangiaji, Morogoro

Mchango wangu ni mdogo. Nimefundisha panya buku kunusa mabomu hapa Morogoro, kwenye mradi wa APOPO ulio Chuo Kikuu cha Sokoine. Magawa, aliyezaliwa hapa 2013, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Panya ni mwepesi, halipui. Anatembea kwenye kamba iliyonyoshwa kati ya watu wawili, akipata harufu anakwangua udongo, na anarudi kudai kipande chake cha ndizi.

Ukimshika baada ya kazi unausikia moyo wake kwenye kiganja. Kila mara nilijua ni nani nimemtuma.

Mwanzisha mada

Wakuu, sura ya nane nimeianza upya usiku wa kuamkia leo. Inaanza na mtoto aliyeinua kidole. Kontena linakuja baadaye, na mwongozaji anatafuta kivuli. Afande wa Nakuru, niruhusu swali moja: Punda aliishia wapi?

Mchangiaji, Nakuru

Alilipuka miezi minne baadaye, kwenye kalvati, mahali ambapo angekuwa sajenti. Tuliokota vipande mpaka jioni. Kanuni zinataka hivyo, lakini siku ile hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mkono wake ulipatikana mtaroni, vidole vimefumba, na kati ya vidole kuna waya. Sajenti aliusafisha kwa maji ya kunywa, akaufunga kwenye blanketi lake, akaubeba mwenyewe hadi kwenye gari.

Ruhusa unayo. Ukimaliza sura, tuwekee hapa tuisome.