Kitalu cha mboga Arusha: kwa nini tuanze kabla mvua haijakatika

Assalamu aleikum, ndugu zangu. Nimehamia Arusha tangu Januari nikitokea Mombasa, na nyuma ya nyumba tuliyopanga, pande za Njiro, kuna kiwanja cha hatua kama 12 kwa 8 ambacho mwenye nyumba ameniruhusu kukilima. Mwezi wa Aprili nilimwaga mbegu za mchicha na mnavu kama tulivyozoea nyumbani. Mvua ikazisomba nyingi, na zilizosalia hazikui. Mliotutangulia kuishi huku, naomba mwongozo: mwaka wa huku unakwendaje, na mtu aanze na nini?

Dada yenu, Njiro

Waaleikum salaam, dada yangu, na pole kwa mbegu zako. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilipandikiza nyanya katikati ya masika, zikashika vizuri, kisha katika muda wa wiki moja majani yakaingia mabaka ya rangi ya chai, mashina yakasawijika, na sikuchuma hata tunda moja. Ugonjwa ule huitwa bakajani chelewa, nao hupenda ubaridi na unyevu, vitu viwili ambavyo Aprili ya Arusha inavyo kwa wingi.

Masika huku ni kama kwetu, Machi hadi Mei, na vuli hushika Novemba na Desemba, hata mtu akitazama kalenda peke yake hudhani hajahama. Kinachotutenga na pwani ni mwinuko. Mji wa Arusha umekaa mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Juni ikiingia, wingu hutanda siku nyingi hata Mlima Meru usiuone, usiku joto huweza kushuka hadi nyuzi 12, na ule mchicha tuliozoea kuung'oa baada ya wiki tatu au nne hukawia mno. Wenzetu wa Moshi mjini wako chini zaidi, na joto lao ni kali kuliko letu, kwa hiyo wasizichukue tarehe zangu kama zilivyo.

Jambo ninaloliona kubwa kuliko yote ni kitalu, na wakati wake ni Mei, mvua zikiwa bado zinanyesha. Inua tuta dogo kiasi cha shubiri moja ili maji yasituame, changanya samadi iliyooza sawasawa, panda mbegu kwa mistari, kisha simamisha kichanja kifupi ulichokiezeka kwa majani ya migomba, kwa sababu kinachoziua mbegu za mboga katika masika ni uzito wa matone yanayozifukua kabla hazijashika. Miche ya sukuma wiki, kabichi na mnavu huwa tayari baada ya wiki nne au tano, na ya vitunguu baada ya wiki sita hadi nane. Ukiipandikiza katikati na mwisho wa Juni, mvua imekwisha lakini ardhi bado imebeba maji, na miche huteremsha mizizi kuyafuata. Anayengoja mvua ikatike ndipo atie mbegu huishia kumwagilia kwa ndoo mimea ambayo ingejitegemea.

Kipupwe, tunachokilalamikia kwa sababu ya baridi, ndicho msimu mzuri wa sukuma wiki, kabichi, njegere na karoti, ila karoti hazipandikizwi. Vitunguu vilivyohamishwa mwisho wa Juni hukomaa Septemba na Oktoba, wakati jua limerudi na mvua za vuli hazijafika, hivyo shingo zake hukauka vyema na vikakaa ghalani bila kuoza. Mwagilia asubuhi katika miezi hii, ili majani yasilale na maji usiku kucha.

Mnavu huku huitwa mnafu, na sokoni ulizia kwa jina hilo. Pale Tengeru, kwenye njia ya kwenda Moshi, kipo kituo cha World Vegetable Center ambacho kwa miaka mingi kimeshughulikia mboga za Kiafrika, mnafu ukiwamo. Chuma vichwa vyake kila wiki na uyakate maua, nao utaendelea kuchipua.

Nyanya panda baadaye, na uwe macho na kantangaze, nondo aliyeingia Tanzania mwaka 2014. Liinue jani ulielekeze kwenye jua: ukiona sehemu nyeupe iliyobaki ngozi mbili tupu, na ndani yake vitone vyeusi, funza wake yumo. Jani hilo litie katika mfuko, ufunge, uuanike juani. Kulitupa kwenye lundo la mboji ni kumfuga.

Kiangazi cha Januari na Februari hukitawali bila matandazo. Wachaga wa vihamba (mashamba ya nyumbani) vya Kilimanjaro, ambao kilimo chao cha migomba, kahawa na magimbi chini ya miti kilitambuliwa na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo, hukata mgomba uliokwisha kuzaa na kuulaza palepale uoze. Nami nimepanda migomba aina ya mshare ukingoni mwa shamba na kila shina huliachia mama, binti na mjukuu tu, yaani migomba mitatu ya umri tofauti. Wewe umepanga, kwa hiyo mwombe kwanza mwenye nyumba, maana mgomba si mmea wa msimu mmoja.

Nakuomba pia usivushe mpaka wa Holili wala wa Namanga vipando vya muhogo kutoka nyumbani bila kibali cha afya ya mimea. Maradhi ya batobato na ya michirizi ya kahawia husafiri ndani ya pingili zinazoonekana nzima kabisa.

Ndugu yako, mtaa wa Sakina

Shukran sana, kaka. Nimefuata maelezo na jana nimepandikiza miche 40 ya sukuma wiki. Leo asubuhi miche sita imelala chini, imekatwa usawa wa udongo kama kwa wembe, na majani hayakuliwa.

Dada yenu, Njiro

Huyo ni sota, dada. Fukua kwa kidole kuzunguka kila mche uliokatwa, kina cha pingili moja ya kidole, utamkuta kiwavi wa kijivu aliyejikunja duara, kwa kuwa hula usiku na mchana hulala karibu na alipokula. Muue, kisha kila mche uliosalia uuzungushie shina ukanda wa gazeti, nusu ndani ya udongo na nusu juu. Kwenye kitalu bila shaka umebakiwa na miche: ziba mapengo leo jioni, na kesho ukaamke mapema ufukue tena.