Nimealikwa chakula na Mwingereza wa kazini, niende na nini?

Omundu wa Ingo: Wadau, niko Kisumu. Bosi wetu Mwingereza anakaa Milimani, kanialika kwake chakula cha jioni. Nataka kwenda Jumamosi. Nibebe nini? Siku ya pili hii silali vizuri.

Fundi Nyalenda: Beba njaa.

Mama Mapacha: Matunda. Sisi tulipeleka soda ya lita mbili, ikakaa mezani bila kufunguliwa. Tulirudi nayo.

Nyar Kondele: Mimi Mmarekani aliniita Dunga tule samaki. Ngege mzima, nikafyonza mpaka kichwa. Bili ikaja, akatoa nusu. Nusu! Kwetu anayeita ndiye anayelipa. Nilirudi mjini kwa miguu.

Mkimya: Mwenye uzi, alisema Jumamosi saa ngapi?

Omundu wa Ingo: Saa hakutaja.

Mkimya: Na siku?

Omundu wa Ingo: Alisema, "Lazima siku moja uje kwetu tule." Sasa siku moja si siku? Kwetu Kakamega mgeni hapewi tarehe. Akipiga hodi, watoto wanakimbiza kuku. Halafu nimeshanunua jogoo Kibuye, 1,500, nimemfunga bafuni. Mke anajua. Watoto watatu wameshasukwa.

Mkimya: Kumbe mko watano na jogoo! Nimekaa Leeds miaka 4. Ile ni salamu tu, ndugu. Mwingereza akikualika kwa dhati hutaja siku na saa, tena wengi huuliza kabla kama kuna kitu huli.

Mwana Mvita: Hata huku Mombasa. Ukimkuta mtu anakula atakwambia karibu. Unajibu "starehe", unapita. Nyinyi wa bara mnavuta kiti.

Omundu wa Ingo: Nisipoenda si ataona namdharau? Na jogoo je?

Fundi Nyalenda: Hii ni ya kutunga. Watoto watatu, wote wamesukwa, hakuna mvulana? Lete picha ya jogoo.

Omundu wa Ingo: Wasichana watatu, unataka nikuombe ruhusa? [picha]

Fundi Nyalenda: Lo, yupo kweli, kapanda juu ya beseni. Lakini 1,500? Huyo si kienyeji, ni chotara. Tazameni miguu.

Nyar Kondele: Nakupa 900, natuma boda sasa hivi.

Omundu wa Ingo: 1,200. Mkimya, Jumatatu nikimuuliza ile siku moja ni lini, ni vibaya?

Mkimya: Usimuulize. Mwite wewe kwako, umtajie siku na saa.

Nyar Kondele: 950, pamoja na kamba.